Kila Mtu Alitaka Kuivaa

Kaka yangu anaishi Ulaya na anafanya kazi ya kompyuta, na kila anapokuja likizo Bukoba huniletea kitu alichokichoka. Mwaka mmoja ilikuwa saa inayohesabu hatua. Mwaka mwingine ilikuwa spika ya kuzungumza nayo, ambayo haikuwahi kuelewa hata neno moja nililoiambia. Safari ya mwisho akaleta miwani. Naiita miwani kwa sababu sote tuliiita hivyo, lakini kwa sura ilifanana zaidi na kitu anachovaa mzamiaji: kioo cheusi mbele, mkanda mpana nyuma, na uzito wa kama nusu kilo ya sukari. Ukiivaa unaendelea kukiona chumba chako kama kilivyo, ukuta, meza, mume, isipokuwa humo ndani sasa vimeongezwa vitu vingine ambavyo havipo. Kaka alisema wataalamu wanauita uhalisia mseto. Akasema baada ya miaka michache kila nyumba itakuwa nayo, kama simu.

Nikamuuliza kwa nini basi ananipa ya kwake.

Akajishika shingo. Alisema inaumiza kidogo hapa nyuma, halafu mke wake hapendi kuongea na mtu asiyemwona macho. Aliyasema hayo harakaharaka, kama daktari anayetaja madhara madogo ya dawa, kisha akarudi kunieleza jinsi dunia nzima itakavyoinunua.

Nilimwamini. Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba mimi, mwanamke mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi na kupiga picha za paspoti pale Kashai, nimeishika mkononi biashara itakayokuja baada ya simu. Niliamini kwa furaha. Nilikuwa naamka kabla ya alamu.

Mume wangu ni seremala. Karakana yake imeungana ukuta na duka langu, kwa hiyo picha zote za paspoti ninazopiga zina vumbi la msasa kidogo ukiziangalia vizuri. Ni fundi mzuri, ila alikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha na wateja wake. Mtu anakuja, anaonyesha kwa mikono ukubwa wa kabati analolitaka, anakubali kila kitu, kabati linapelekwa nyumbani, na mtu yuleyule anasema silo. Si kwamba anadanganya. Ni kwamba lile la kichwani mwake lilikuwa jingine. Mama mmoja wa Bilele, jirani yetu kabisa, alirudisha kitanda kwa sababu kilipokwisha kufungwa chumbani mlango haukufunguka tena, na yeye alikuwa amebaki ndani. Ilibidi mume wangu apitie dirishani na bisibisi.

Humo kwenye miwani kulikuwa na programu inayokuwezesha kuchora kitu kwenye kompyuta, kukihamishia ndani yake, halafu kukisimamisha sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Nilijifunza kwa wiki tatu nikifuata video za kwenye simu. Nilianza na stuli, nikaenda kwenye meza, nikafika kwenye sofa ya watu watatu yenye mikono ya duara, ile ambayo mume wangu anajivunia. Jumapili moja baada ya misa, sebuleni kwetu, nikaiweka sofa hiyo mahali palipokuwa na mkeka mtupu, nikamvisha miwani.

Akazunguka. Akachuchumaa kuangalia maungio, akaniambia mguu wa nyuma nimeuchora mwembamba mno, hautabeba watu watatu. Kisha, kama mtu yeyote aliyetoka kwenye misa ndefu, akaketi.

Yeye ndiye aliyeibuni sofa ile, na kuliko mtu yeyote Bukoba nzima yeye ndiye aliyejua kwamba haipo. Alianguka chali, miguu ikaenda juu, kiatu kimoja kikafika mlangoni. Nikakimbia nikidhani ameumia. Alikuwa anacheka. Alikuwa amelala pale chini anacheka peke yake, na kwa kuwa miwani ilibaki usoni, alikuwa akiiona sofa yake kutokea ndani, mahali ambapo hajawahi kuwa.

"Njoo ulale hapa," aliniambia. "Njoo uone mbao zilivyo."

Nikalala chini karibu naye na gauni langu la kanisani, tukawa tunapokezana miwani ndani ya sofa mpaka betri ikaisha. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo hata siku ya harusi.

Siku iliyofuata nikabandika karatasi mlangoni: Ona Samani Zako Nyumbani Kwako Kabla Hazijatengenezwa. Chini yake nikaongeza kwa herufi ndogo kwamba oda za miwani zenyewe pia zinapokelewa, na ndani nikaweka daftari jipya la kuandikia majina ya watakaozitaka. Nilimpigia kaka simu nikamwambia ajiandae kunitafutia pale bei itakapokuwa nzuri. Mawazoni nilishafungua tawi Muleba.

Watu walikuja. Nani asingekuja? Wenye bodaboda wa pale kona walipanga foleni, wakavaa mmoja mmoja, wakatembea katikati ya karakana wakizikwepa meza ambazo hazipo na kujigonga kwenye meza zilizopo. Mmoja akauliza kama inaonyesha mpira. Nikamwambia inaweza. Akauliza kama wote wanne wanaweza kuangalia pamoja. Nikamwambia hapana, kila mtu na yake. Akaivua taratibu, akaniambia ni kitu kizuri sana, akarudi kwenye pikipiki yake.

Msusi wa saluni ya jirani aliipenda kuliko wote, lakini alikuwa ametoka kusukwa na hakukubali ule mkanda upite kichwani. Alijaribu kuishika usoni kwa mikono miwili. Katika hali hiyo akalipima kabati la vipodozi, akalichagua, akalilipia kianzio, na alipoondoka akasema kitu hicho hakikubuniwa na mtu mwenye nywele. Watu wanaovaa miwani ya macho walilazimika kuchagua waone samani kwa ukungu au wasione kabisa. Fundi cherehani mmoja akaivaa dakika mbili akapata kizunguzungu, akaomba maji, akaketi kwenye benchi letu asubuhi nzima akiwasimulia wapita njia jinsi alivyopata kizunguzungu. Huyo alitusaidia sana kibiashara.

Ndani ya miezi miwili mume wangu alikuwa na kazi kuliko alivyoweza kuimaliza, na hakuna hata kitu kimoja kilichorudishwa. Daftari langu la miwani halikuwa na jina hata moja.

Aliyenieleza sababu alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambako tunanunua bawaba na vanishi. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile, na siku hizi katika mtaa ule wamebaki wachache. Anazungumza Kihaya safi kuliko mimi. Nilimpelekea miwani nikitumaini atakubali kuwa mshirika wangu, maana alikuwa na kabati la vioo dukani ambalo niliona lingefaa sana kuzipanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba yeye amewauzia watu wa hapa redio, akawauzia televisheni, akawauzia deki za video na baadaye simu, na kwa kila kimoja alijua siku ya kwanza kama kitatoka au hakitatoka.

"Ulijuaje, mzee?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naangalia mtu akishakiwasha, mwenzake anafanya nini," alisema. "Redio ukiiwasha, jirani anasogeza kiti. Televisheni, watu wanajaa mpaka dirishani. Simu, hata ukiwa peke yako, kuna mtu upande wa pili. Sasa wewe ukivaa hiki, mimi nifanye nini?"

Nikamvisha yeye mwenyewe. Nilikuwa na kitanda cha futi sita kwa sita, nikamsimamishia katikati ya duka, kati ya makopo ya rangi na rundo la mabati. Mzee akakiangalia kitanda kile. Akatoka nyuma ya kaunta, akakizunguka kwa heshima, akaanza kutikisika mabega. Akamwita mke wake aliyekuwa stoo nyuma, akamwambia kwa lugha yao kitu ambacho sikukielewa, na yule mama akasimama mlangoni akimtazama mumewe akitandika shuka isiyokuwepo kwenye kitanda kisichokuwepo, mbele ya mteja aliyekuja kununua misumari. Tulicheka wote wanne. Mteja wa misumari alicheka zaidi, na yeye hakuvaa chochote.

Nilipokuwa naondoka mzee aliniambia nisikate tamaa, ila nisijaze duka. Jioni nikampigia kaka kumweleza. Kaka akakohoa kidogo, akakiri kwamba hata kule kwao kila mtu kazini anaijua miwani ile, kila mtu ameijaribu mara moja, na zilizo nyingi zimelala kwenye makabati. Nikamwambia afadhali, sisi tumeyatengeneza makabati yenyewe.

Lakini bado nilikuwa na matumaini na Muleba.

Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi huko Muleba, kijijini juu ya Kamachumu, kwenye kibanja alichoachiwa na baba mkwe, migomba mbele na kahawa nyuma. Kwa miaka mingi alikuwa anataka kabati la vyombo. Mwanawe ni seremala, na kama ilivyo kwa mama wa mafundi wote, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutengenezewa. Mwaka ule zamu ya kuipokea nyumbani jumuiya ndogondogo ya kanisa, majirani wanaosali pamoja kila Jumamosi, ilikuwa imemfikia, akatuma ujumbe kwamba sasa amechoka kuweka vikombe kwenye beseni. Tukaondoka Bukoba Jumamosi alfajiri kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha karakana, tukapita Kemondo jua linatoka, tukapanda Muhutwe tukila ndizi za kuchoma, tukafika kabla wanajumuiya hawajaanza kuingia.

Tulimwamkia, akatupa kahawa ya kutafuna, akauliza kabati liko wapi. Mume wangu akamwambia ameleta tepu ya kupimia, na mimi nikamwambia nimeleta kabati lenyewe. Akatazama nyuma ya kirikuu, akanitazama mimi.

Nilikuwa nimelichora kwa bidii: milango miwili ya kioo juu, droo tatu, milango miwili ya mbao chini. Nikalisimamisha kwenye kona ya sebule, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nikamfunga mama mkwe miwani juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikiwa naogopa kidogo, kwa sababu si kila siku mtu anamfunga mama mkwe kitu usoni.

Wanajumuiya wakawa wanaingia mmoja mmoja, wanawake na mikeka yao na wanaume na kofia mkononi, wakamkuta mwenyeji wao amesimama na kile kitu usoni akiitazama kona tupu. Walisalimia kwa sauti ya chini. Nadhani walifikiri ni ugonjwa wa macho.

Hatimaye akanyoosha mkono, akashika hewa, akavuta.

"Waitu, mwanangu," alisema kwa upole wa Kihaya, "mlango huu unafungukia ukutani. Nitatoaje sahani?"

Mume wangu akasogea kuangalia, akakumbuka kwamba yeye haoni kitu, akarudi nyuma. Mama akaendelea. Droo ya juu iko juu mno kwa mtu wa kimo chake. Kabati lenyewe lisogezwe kidogo kushoto, limeikaribia mno picha. Na rangi hiyo ni ya watu wa mjini. Nilisogeza, nikabadilisha rangi, nikageuza mlango, yeye akiwa amesimama palepale anatoa amri kama anayesimamia mafundi kumi. Alipotosheka alivua, akaikabidhi miwani kwa jirani yake wa kwanza, akamwambia aangalie na aseme ukweli.

Hapo ndipo Jumamosi ilipotoka mikononi mwetu. Wote waliivaa. Mwanamke wa kwanza akalisifia kabati na kuuliza kama lina funguo. Wa pili akatafuta vikombe ndani. Wa tatu, mnene na mwenye haya, alilikaribia, akapita katikati yake, akatoka upande wa pili akapiga ishara ya msalaba, na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko hata wale ambao hawajui alichokiona. Wanaume walisubiri kwa heshima mpaka wanawake walipomaliza, kisha wakasukumana. Kahawa ya kunywa ilipoa kwenye birika. Nilichokiona siku ile, na ambacho mzee wa dukani alikuwa ameniambia bila mimi kuelewa, ni kwamba raha yote ilikuwa kwa wasiovaa. Mtu mmoja anaona kabati, ishirini na tano wanamwona yeye.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu aliyemfundisha mume wangu shule ya msingi. Alikuja akiwa ameshikwa mkono na mke wake, ambaye zamani alikuwa muuguzi. Nikamvisha. Akageuza kichwa kuelekea kona, halafu akageuka upande mwingine kabisa.

"Kuna maandishi hapa," alisema.

Akayasoma kwa Kiingereza, polepole, kisha akatutafsiria kama tuko darasani: betri inakaribia kuisha.

Watu wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao, nikaomba radhi nikanyoosha mkono kuivua. Mwalimu akanizuia. Akayasoma tena maneno yaleyale matatu, ya Kiingereza na ya kwetu, na nikaona kwamba mke wake peke yake hacheki. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha kioo kikazimika.

Baadaye mke huyo alinivuta nje, kwenye uzio wa kahawa, akanieleza. Mumewe hakuwa amesoma kitu kwa miaka miwili. Macho yameharibika katikati, pembeni bado anaona kidogo, na hospitali walishasema hakuna upasuaji wa kurudisha. Kwenye jumuiya alikuwa bado anashika kitabu na kusoma somo, lakini ukweli ni kwamba usiku wa Ijumaa yeye humsomea mara nyingi mpaka anakariri, na Jumamosi hugeuza kurasa kwa kukisia. Hakuna aliyejua.

"Yale maneno yalikuwa makubwa kiasi gani?" aliniuliza.

Nikamwonyesha kwa mikono: kama mkate. Nikamwambia naweza kuyafanya makubwa kama mlango.

Tulirudi Bukoba na oda za makabati saba ya vyombo, yote kama la mama, mlango ufungukie upande wa mama. Siku chache baadaye shemeji yangu alipiga simu kutoka kule. Alisema mama amekataza watu kuweka vitu kwenye ile kona. Mgeni akitaka kuegesha mwavuli pale anaambiwa kuna kabati, na majirani waliolishuhudia wanazunguka bila kuambiwa. Mume wangu alilazimika kuacha randa na kuketi chini. Akaniuliza kama bado kuna haja ya kulitengeneza.

Alilitengeneza kwanza kabla ya mengine yote. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilitafuta programu ya kukuza maandishi, nikaihangaikia, nikafunga jicho moja na kukodoa jingine nijaribu kuona kama mwalimu. Nilijifunza kwamba herufi nyeupe juu ya weusi ni bora, na kwamba mistari isizidi minne kwa mara moja. Nikaweka njia ya mke wake kupiga picha ukurasa kwa simu na kuutuma moja kwa moja ndani ya miwani. Nikajaribu hilo mara nyingi kwa kupiga picha kopo la vanishi, mpaka nikayajua maonyo yake yote kwa moyo.

Wiki ya nne tukapanda tena Kamachumu, kabati limefungwa kwa kamba nyuma ya kirikuu. Mama mkwe alilipokea kwa utulivu. Aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akafungua mlango ambao sasa ulifungukia kunakotakiwa, akaanza kupanga vikombe bila kusema lolote, kama kwamba mwanawe amerudisha tu kitu kilichopelekwa kusafishwa. Mume wangu alisimama akingoja sifa. Akapewa viazi.

Kisha jumuiya ikaanza, kwani mama alikuwa ameomba zamu ya pili ili wote walione kabati. Baada ya wimbo wa kwanza mwalimu aliinuka, mke wake akamfunga miwani, akapiga picha ukurasa, akangoja, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Mwanamke mnene mwenye haya alikuwa tayari ameuma upande wa kanga yake, kwa sababu mwenyekiti wetu, mwenye suti yake ya kijivu na rozari mkononi, alionekana kama mtu aliyekuja kuchomelea geti.

"Somo," alisema, akaanza.

Alisoma vizuri mstari wa kwanza. Wa pili ulikuwa mrefu, na kwa kuwa herufi nilizifanya kubwa mno, maneno yalitapakaa ukuta mzima. Ikambidi ayafuate kwa kichwa, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati jipya, kisha arudi dirishani. Alipofika upande wa kabati akasimama.

"Mama," alimwambia mama mkwe wangu kwa adabu, "sogea kidogo, umekaa juu ya neno."

Mama mkwe akainuka, akahama na kiti chake. Aliyekuwa nyuma yake naye akahama, asije akaziba. Mwanamke mwenye haya akashindwa, akatoa sauti kama birika linalochemka, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia mwenzake. Walicheka wazee, walicheka wanakwaya, mume wangu alikuwa ameegemea kabati lake mwenyewe machozi yakimtoka. Mwalimu aliinamisha kichwa, na nikaogopa kwamba amekasirika. Halafu nikaona suti inatikisika. Alicheka mpaka mke wake akaishika miwani isianguke.

"Sasa nisikilizeni," alisema alipopata pumzi. "Tangu mwaka juzi nimewasomea kwa kichwa. Mara mbili nimeruka aya nzima na hakuna aliyeniambia."

Mzee mmoja pembeni akasema kwamba yeye aligundua mara moja, lakini alidhani ni somo fupi akashukuru. Wakacheka tena, taratibu zaidi. Mwalimu akarudi mwanzo, akasoma lote, neno kwa neno, akigeuza kichwa kutoka upande hadi upande, na kila alipokaribia kona watu waliinamisha vichwa kumpisha.

Tuliiacha miwani kwake. Mume wangu hakuhitaji kuniuliza, na mimi sikuhitaji kufikiri. Samani sasa tunawaonyesha wateja kwa simu tu, picha ya kabati juu ya picha ya sebule, familia nzima inainamia kioo kimoja na kubishana, nao wanaagiza vilevile. Watu wa dukani bado wananiuliza kama miwani zile zitawahi kuwa kitu cha kila mtu. Nawaambia kwamba katika Bukoba na Muleba nimewavisha watu zaidi ya nilivyoweza kuwahesabu, kila mmoja alitaka kuivaa, na aliyetaka kuwa nayo nimempata mmoja. Labda ikiwa nyepesi kama miwani ya kawaida. Labda ikikubali nywele za watu. Sijui. Daftari bado lipo, natumia kurasa zake kujaribia kalamu.

Mwalimu anaivaa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, shingo yake haikubali zaidi, na mke wake ndiye mwenye ratiba ya chaji. Amesoma barua zote za wanafunzi wake wa zamani. Amesoma hati za kibanja akagundua mpaka wa jirani uko mahali alipokuwa akidai jirani. Amemwendea kumwomba msamaha, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka jioni.

Juzi alinipigia simu dukani. Alikuwa ameipata kadi ya harusi ya binti yake, niliyoichapisha mimi mwaka juzi, nakala mia tatu za rangi ya dhahabu, zikasambazwa kuanzia Muleba mpaka Mwanza. Alinisomea mstari wa juu kwa ile sauti yake ya darasani. Nilikuwa nimeandika mnakalibishwa. Nikamwambia, samahani sana Mwalimu, nikafungua faili la zamani kwenye kompyuta kuhakikisha, nikalikuta lipo hivyohivyo, kubwa, katikati. Kwenye simu nilimsikia mke wake akicheka nyuma yake, na yeye akaniambia nisikate, bado hajafika mstari wa pili.